Nakala ya Siri ni Siri

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii niliikariri nilipokuwa sekondari kwa ajili ya mtihani, nikaieleza vizuri, nikapata alama zangu. Sikujua kwamba miaka michache baadaye mimi mwenyewe ningekuwa kata, na kwamba ndani ya mtungi mngekuwa na siri ya mtu aliyenilea.

Swali la insha hii ni hili: mtu akikukabidhi siri yake uitunze, nawe ukatoa nakala ya siri hiyo kwa nia njema, je, unawajibika kwa nakala kama unavyowajibika kwa ile ya kwanza? Najua wasomaji wengi watajibu ndiyo kabla hata ya kumaliza kulisoma swali. Mimi pia ningejibu hivyo darasani. Lakini nilipoulizwa swali hili kwa vitendo nilijibu hapana, tena bila kutambua kwamba nilikuwa nimeulizwa. Nitaanza kwa kueleza ilivyokuwa, kisha nitapima hoja za pande mbili, na mwisho nitasema ninachoamini.

Nasomea teknolojia ya habari katika chuo kikuu kimoja jijini Kampala, na Kiswahili nakisoma kama somo la hiari. Katika likizo ya mwaka wa pili nilipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, wiki kumi, katika chama kimoja cha akiba na mikopo kwenye mji wa nyumbani kwetu. Chama hicho sitakitaja jina. Kilikuwa na seva moja ya mafaili, yaani kompyuta inayohifadhi nyaraka za ofisi nzima ili kila mfanyakazi azifikie kutoka mezani kwake. Humo mlikuwa na fomu za mikopo zilizopigwa picha kwa mashine, vitambulisho, barua za waajiri, mikataba ya vibanja, picha za nyumba zilizowekwa rehani, na majedwali yanayoonyesha nani analipa kwa wakati na nani amechelewa.

Seva hiyo ilikuwa seva pepe. Maana yake, haikuwa chuma unachoweza kukigusa, bali programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta nyingine kubwa zaidi. Mfumo wake, mipangilio yake na nyaraka zake zote zimo ndani ya mafaili machache makubwa. Kwa hiyo kuinakili seva nzima hakutofautiani sana na kunakili wimbo kutoka simu moja hadi nyingine. Unachagua, unabonyeza, unakwenda kula chakula cha mchana. Ukirudi unakuta seva mbili zinazofanana kama mapacha. Hiyo ya pili ndiyo tunayoiita kloni.

Watu hutengeneza kloni kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni majaribio. Seva ya chama ilikuwa inatumia mfumo wa zamani ambao watengenezaji wake walikuwa wameshaacha kuutolea marekebisho ya usalama. Msimamizi wetu hakutaka kuubadilisha moja kwa moja, kwa sababu mambo yakiharibika siku ya kazi wanachama wangesimama foleni bila kuhudumiwa. Ni busara kuharibu kloni kwanza, ujifunze, kisha ndipo uiguse seva halisi. Sababu ya pili ni maafa: moto, radi, wezi, au wahalifu wa mtandaoni wanaoyafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Seva ikipotea, kloni iliyohifadhiwa mahali pengine inawashwa na kazi inaendelea.

Kloni ina tabia moja inayotakiwa kueleweka. Inabeba jina lilelile na anwani ileile ya mtandao kama seva iliyoizaa. Zikiwashwa zote mbili kwenye mtandao mmoja zitagombana, na kompyuta za ofisi hazitajua ziongee na ipi. Ikiwa seva ilipangiwa kazi fulani saa fulani, kama kutuma barua pepe, kloni nayo itaituma, maana haijui kwamba yenyewe ni kloni. Ndiyo maana hufungiwa kwenye mtandao wa peke yake, usio na mlango wa kutokea. Nasi tulifanya hivyo. Lakini orodha ya nani anaruhusiwa kuona folda gani ilikuwa inatunzwa kwenye mashine nyingine, ambayo kloni haikuweza tena kuifikia. Kule kifungoni kloni haikumjua mtu yeyote, isipokuwa mwenye nywila ya msimamizi. Basi sisi wanafunzi wawili tukapewa nywila hiyo ili kazi iende. Kwenye seva halisi nilikuwa naona folda moja tu, ya fomu tupu. Kwenye kloni niliona zote.

Tulibadilisha mfumo kwa siku mbili. Siku ya tatu kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mafaili yanafunguka na kwamba sehemu ya kutafutia inatafuta. Nilipofika kwenye kutafuta, niliandika jina la shangazi yangu.

Nilijua kwamba ni mwanachama. Ningeweza kuandika neno lolote, hata neno “fomu”, na jaribio lingetimia. Nilijiambia kwamba najaribu mashine. Nilijiambia pia, na maneno haya nayakumbuka barabara: hii ni kloni tu.

Yalitokea mafaili manne. La kwanza lilikuwa fomu ya mkopo yenye sahihi yake ambayo naifahamu tangu utotoni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chini ya ripoti zangu zote za shule. Kwenye nafasi ya madhumuni ya mkopo palikuwa na maneno mawili: karo, mtoto. Dhamana ilikuwa kibanja chake. Mimi alikuwa ameniambia kwamba karo yangu inatokana na kahawa anayouza. Faili la nne lilikuwa jedwali, na humo alikuwa amechelewa kulipa kwa miezi minne.

Nililifunga. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile nilikula chakula cha shangazi, akaniuliza mafunzo yanaendeleaje, nikasema vizuri.

Sasa nirudi kwenye swali. Hoja ya “hii ni kloni tu” si ya kipumbavu, na ndiyo sababu inawashinda watu wengi. Inasema hivi: sikuigusa seva halisi, sikuchukua kitu, sikubadilisha hata herufi moja, na kloni yenyewe ilikusudiwa ichezewe. Nani ameumia?

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaichukulia siri kana kwamba ni mbuzi. Mbuzi akiibwa, zizi hubaki na pengo, na mwenyewe asubuhi atapiga mayowe. Siri ikiibwa, zizi hubaki limejaa vilevile. Shangazi aliamka kesho yake akiwa na siri yake kamili, ila haikuwa tena siri. Alichopoteza si karatasi. Alipoteza uamuzi wa nani ajue na nani asijue, na mimi ndiye niliyeutwaa uamuzi huo bila yeye kufahamu. Wizi usioacha pengo si mdogo kuliko ule unaoacha. Pengine ni mkubwa zaidi, kwa kuwa aliyeibiwa hapewi hata nafasi ya kulalamika.

Wanafalsafa wana fumbo la kale kuhusu jahazi la Theseus, ambalo Plutarch alilisimulia: mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine, watu wakabishana kama bado ni jahazi lilelile. Kwa seva fumbo hili ni gumu zaidi, maana kloni na seva hufanana kila kitu, na siku ya maafa kloni huwashwa ikawa ndiyo seva yenyewe. Ipi basi ni halisi? Nimelifikiria sana fumbo hili na nimeona kwamba kwa jambo letu halina uzito. Fomu ikiwa kwenye seva au kwenye kloni, deni ni la shangazi, sahihi ni ya shangazi, aibu ni ya shangazi. Kwetu Buganda, mapacha wa kiume hupewa majina mawili, Wasswa na Kato, lakini wazazi hufundishwa kwamba anachopewa mmoja na mwenzake apewe. Seva na kloni nazo zistahili heshima sawa. Mashine imekuwa mbili, lakini mwenye siri amebaki mmoja.

Mtu anaweza kusema: basi tusinakili. Kama kila nakala ni mlango mwingine wa kuingilia, milango ikiwa michache ni salama zaidi. Nami katika wiki ile ya hatia niliwaza hivyo. Lakini wazo hili halisimami.

Mwezi Septemba 2020, nikiwa nyumbani kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, tuliamka na habari kwamba jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere limeungua usiku. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1941, na mpaka leo picha yake ndiyo humjia Mganda yeyote ukimtajia neno chuo kikuu. Wakubwa walizungumza juu ya uzuri uliopotea. Sisi tuliokuwa na ndoto ya kusoma tuliuliza jambo lingine: na vyeti vya watu? Na alama zao? Tulielewa, hata bila kufundishwa, kwamba ukiishi katika nchi ambapo kila kazi inadai karatasi, karatasi yako ikiungua nawe unaungua kidogo.

Wala moto hauchagui bara. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha seva cha kampuni ya OVHcloud kiliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini wako wateja waliopoteza kila kitu, wengine kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa palepale pamoja na seva zao. Ndiyo maana wataalamu hufundisha kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na jengo.

Kwa hiyo mtu anayepewa amana ya nyaraka za watu, akakataa kuzinakili kwa kisingizio cha kulinda siri, ameisaliti amana kwa njia nyingine. Shangazi akimaliza kulipa deni lake, ni jedwali lilelile litakaloonyesha kwamba amemaliza. Likiungua, kibanja chake kitategemea kumbukumbu ya mtu na wema wa mtu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lililo moja tu ni kama halipo.

Hapo nilijaribu kusimama katikati. Nikasema: nakala ya maafa ni halali kwa sababu inamlinda mwenye siri, ila nakala ya majaribio si halali kwa sababu inatusaidia sisi mafundi. Ulikuwa mpaka mzuri, unaoridhisha. Kisa kimoja kiliubomoa.

Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, fundi mmoja aliyekuwa amechoka, akihangaika usiku kurekebisha hitilafu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Karibu gigabaiti 300 zilifutika, na alipozinduka zilikuwa zimebaki chache mno. Hapo ndipo walipoziendea akiba zao. Walikuwa na njia tano za kujihifadhi, na waligundua usiku uleule kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyoamini. Mojawapo ilikuwa imeshindwa kimyakimya, na barua pepe za kuwaarifu kwamba inashindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mwenzao aliichukua saa sita kabla ya ajali, si kwa ajili ya maafa, bali kwa ajili ya majaribio. Walipoteza kazi ya saa hizo chache badala ya kupoteza kila kitu. Kwa uungwana wao waliyaeleza yote hadharani, na ndiyo maana mwanafunzi kama mimi anaweza kujifunza.

Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. Kwanza, akiba isiyojaribiwa si akiba, ni matumaini. Pili, mpaka kati ya nakala ya kulinda na nakala ya kujaribia haupo: ile ya kujaribia ililinda, na zile za kulinda ziliangusha watu kwa kutojaribiwa. Basi anayetunza amana analazimika kunakili, na akinakili analazimika kujaribu. Hawezi kukimbilia popote. Swali linarudi palepale: ajaribu vipi bila kuwa kata inayotangaza yaliyomo mtungini?

Jibu sikulipata kitabuni. Nililipata kwa shangazi.

Ilinichukua siku kumi na moja kumwambia. Alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharagwe. Tulizungumza Kiganda, nami hapa natafsiri. Nilimwambia kwamba nimeona fomu yake, na kwamba hakuna aliyenituma kuitafuta. Alinyamaza kwa muda, mikono yake haikusimama.

“Nilitaka usome bila kuhesabu,” alisema.

“Nisamehe, shangazi.”

“Mmeona wangapi?”

Nilisema mimi tu. Kisha nikakumbuka kwamba mwenzangu alikuwa na nywila ileile, nikasema pengine wawili. Kisha nikakumbuka msimamizi.

“Na hiyo nakala iko wapi sasa?”

Sikujua. Nilijaribu kumweleza kwa nini tunanakili, nikaanza na moto na radi, akanikatiza. Hakuwa na shida na kunakili. “Hata mimi mkataba wa kibanja ninao mara mbili, mwanangu. Mmoja uko humu ndani. Mwingine uko kwa baba yako mkubwa kule kijijini, kwenye bahasha niliyoishona kwa uzi. Nikitaka kujua kama upo, naenda naangalia uzi.”

Nimesoma miaka miwili usalama wa kompyuta, na shangazi yangu, aliyeishia darasa la saba, ameueleza wote kwa bahasha moja. Ana nakala ya pili. Iko mbali na nyumba. Anajua iko kwa nani. Imefungwa kiasi kwamba hata anayeitunza haisomi. Na anaweza kuhakikisha ipo salama bila kuifungua.

Kesho yake nilimweleza msimamizi nilichofanya. Alinisikiliza, akasema, “Ungeniuliza ningekukataza. Lakini ni kweli sikukukataza.” Tukaanza kutafuta nakala ziko wapi. Kloni tuliyoifanyia majaribio ilikuwa bado inawaka kwenye kompyuta ya chumba chetu, wiki mbili baada ya kazi kwisha, na nywila yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nakala nyingine ilikuwa kwenye diski ya nje, ndani ya droo isiyofungwa. Ya tatu hakuna aliyekuwa na uhakika kama iliwahi kuwapo.

Msimamizi yule si mtu mbaya. Ni mwangalifu kuliko wengi. Aliifungia kloni kwenye mtandao wa peke yake, alikagua anwani mara tatu, hakulala usiku wa kubadilisha mfumo. Lakini nilipoyapitia tena yote tuliyoyafanya, niliona jambo moja. Kila tahadhari tuliyoichukua ilikuwa ya kuilinda seva dhidi ya kloni. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kumlinda mwanachama dhidi yetu sisi. Mashine ilikuwa na watetezi chumbani, shangazi hakuwa na mtetezi. Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Sisi tulifanya kinyume kwa wepesi kabisa: tuliwafanya wanachama wote kuwa uzito wa kujaribia mizani.

Kutokana na hayo, ninachoamini ni kwamba wajibu hunakiliwa pamoja na faili, mzima, hata robo yake haibaki nyuma. Anayetengeneza nakala ametengeneza wajibu mpya, na kabla hajabonyeza anapaswa kuweza kujibu maswali ambayo shangazi aliniuliza: iko wapi, nani anaiona, na, naongeza la kwangu, itafutwa lini. Asiyeweza kujibu asinakili mpaka aweze.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya benki kubwa, na kwamba chama kidogo hakina fedha. Hoja hii ina ukweli, lakini si mwingi kama inavyosikika. Kujaribu mfumo mpya hakukuhitaji fomu ya shangazi hata kidogo. Seva pepe huwa na diski ya mfumo na diski ya nyaraka. Tungeweza kunakili ile ya kwanza peke yake, tukaijaza mafaili mia moja ya kubuni, na tungejifunza yaleyale. Kuficha majina ni njia nyingine, nayo hufaa kwenye majedwali, ingawa kwenye fomu zilizopigwa picha haifui dafu, kwa kuwa uso na sahihi vimo ndani ya picha. Jaribio la maafa ndilo linalohitaji nyaraka halisi, kwa maana lengo lake ni kuthibitisha kwamba zitarudi. Lakini hata hapo jicho la fundi halihitajiki. Kompyuta inaweza kukokotoa namba kutokana na yaliyomo ndani ya kila faili, na namba ya nakala ikilingana na ya faili la kwanza, basi hakuna kilichobadilika. Huo ndio uzi wa shangazi. Na ikilazimu mafaili machache yafunguliwe, ayafungue afisa wa mikopo ambaye tayari anaruhusiwa kuyaona.

Wengine watasema kwamba sheria ipo, inatosha. Ni kweli ipo. Uganda ilitunga sheria ya kulinda data na faragha mwaka 2019, Kenya nayo mwaka huohuo, na Tanzania mwaka 2022. Sheria yetu inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa na zisikae kupita muda unaohitajika. Lakini sheria haikuwemo chumbani nilipokuwa naandika jina la shangazi. Nilikuwemo mimi na neno “tu”. Mtu akishalisikia neno hilo likija kinywani mwake, nakala tu, majaribio tu, mwanafunzi tu, na aondoe mikono kwenye kibodi kwanza.

Tulichofanya mwishoni kilikuwa kidogo. Kloni ya majaribio tuliifuta. Diski ya akiba tuliifungia kwa nywila, yaliyomo yakasimbwa ili asiye nayo asiweze kuyasoma, ikahamishiwa kwenye kabati la tawi lingine. Kisha msimamizi akanunua daftari la shule la kurasa 96, akachora safu kwa rula: tarehe, nakala ya nini, iko wapi, nani anaifikia, ifutwe lini, aliyeifuta. Mstari wa kwanza niliujaza mimi. Daftari lile halikugharimu hata bei ya soda mbili.

Sijui kama nimelipa. Deni la shangazi sasa nalijua, na siku nikipata kazi nitalilipa, lakini hilo ni la fedha. Lile lingine, la kujua bila kuruhusiwa, halina pa kulipia. Naweza tu kuacha kuliongeza.

Ndiyo maana, kabla ya kuandika insha hii, nilimpigia simu. Insha nayo ni nakala ya siri yake, tena itasomwa na watu nisiowajua. Alicheka kwanza, kisha akafikiri, kisha akaruhusu kwa masharti mawili: nisiseme ni mji gani, na nisiseme anauza nini. Kwa hiyo kahawa niliyoitaja hapo juu si kahawa.